Komiki za Mashujaa kwa Bei Chee: Mwongozo Kamili wa Kununua Mikusanyo ya Kidijitali

Kabla ya kutazama bei, tafuta mstari mmoja. Uko kwenye maelezo ya kitabu, chini ya picha ya jalada, na kwa kawaida huanza na neno la Kiingereza "Collects", yaani "kinakusanya". Baada ya hapo hufuata jina la mfululizo, mwaka ulipoanza, na namba za matoleo. Mstari huo ndio unaokwambia unanunua nini hasa. Jalada halisemi, jina la kitabu mara nyingi halisemi, na bei ndiyo kabisa haisemi.

Nimenunua komiki za kidijitali kwa miaka mingi. Pesa nyingi nilizopoteza hazikupotea kwa kununua ghali. Zilipotea kwa kununua rahisi kitu nilichokuwa nacho tayari, au kitu ambacho sijakifungua hadi leo. Kwa hiyo tutafika kwenye maduka, lakini si mwanzoni.

## Anza na orodha yako

Chukua daftari, au fungua ukurasa mtupu kwenye simu, uandike unachotaka kusoma. Usiandike "Batman". Batman amekuwa akichapishwa tangu 1939 na hakuna mfuko unaoweza kummaliza. Andika "Batman ya Scott Snyder na Greg Capullo, iliyoanza 2011". Hapo una kitu chenye mwanzo na mwisho, maana mfululizo huo ulifikia toleo la 52 mwaka 2016 ukafungwa.

Kipindi cha mwandishi mmoja ndicho kipimo kizuri kuliko jina la shujaa. Mwandishi akibadilika, hadithi hubadilika hata kama jina la juu ni lile lile, na mara nyingi namba zinarudi kuanza na 1. Ndiyo maana mwaka una uzito: Amazing Spider-Man (1963) si Amazing Spider-Man (1999), wala si ile ya 2018. Zote tatu zina toleo namba 1, na zote tatu huonekana pamoja ukitafuta jina hilo dukani. Andika mwaka kwenye orodha yako, kila mara.

Orodha isizidi vipindi kumi. Kila punguzo utakalokutana nalo lipime kwa orodha hiyo. Kisichokuwemo, hata kikiuzwa kwa senti, kiache kilale usiku mmoja. Kesho yake ukikikumbuka mwenyewe bila kufungua duka, kiongeze.

## Majina ya mikusanyo na maana yake

Toleo moja la siku hizi lina kurasa 20 au 22 za hadithi. Juzuu ndogo ya kawaida hukusanya matoleo matano au sita. Juu ya hapo, kila mchapishaji ana ngazi zake, na hadithi moja inaweza kuuzwa kwa sura tatu au nne tofauti.

Kwa Marvel, kuna Masterworks, mpango ulioanza 1987, unaokusanya matoleo ya zamani kwa mpangilio wa namba. Kuna Epic Collection, iliyoanza 2013, ambayo ni juzuu nene za rangi, mara nyingi kurasa 400 hadi 500. Kuna Complete Collection, ambayo hufuata mwandishi au kipindi fulani. Na kuna Omnibus, mkubwa wao wote.

Epic Collection zina jambo linalowachanganya wengi. Namba ya juzuu huonyesha nafasi yake katika maisha ya shujaa, haionyeshi ilichapishwa ya ngapi. Juzuu ya 17 inaweza kutoka miaka mingi kabla ya juzuu ya 5. Ukiona juzuu kadhaa zimeshushwa bei, usidhani zinafuatana. Angalia namba za matoleo ya ndani, uone kama kuna pengo katikati ya hadithi unayoifuata.

Nje ya Marvel na DC (wachapishaji wa Batman), chukua mfano wa Invincible ya Robert Kirkman, iliyotoka kuanzia 2003 hadi 2018 ikafika matoleo 144. Hadithi hiyo hiyo inapatikana kama matoleo 144 ya moja moja, kama juzuu ndogo 25, na kama Compendium, yaani mikusanyo minene sana, tatu tu. Maduka hupenda kuiweka juzuu ndogo ya kwanza kwa bei ya kutupa. Ni chambo halali, na ni njia nzuri ya kuonja. Lakini ukishaonja na kuipenda, usiendelee kununua ya pili, ya tatu, ya nne kwa bei kamili. Simama, utazame Compendium inauzwaje, kisha usubiri punguzo lake. Kila unapoona juzuu ya kwanza imeshuka, tazama bei ya juzuu zinazofuata. Bei ya hadithi ni jumla yake yote.

## Soma yaliyomo, kisha piga hesabu

Hapa ndipo penye faida kubwa au hasara kubwa, kwa hiyo twende polepole.

Kipimo cha bei ni shilingi, dola au euro ngapi kwa toleo moja. Hesabu matoleo yaliyotajwa kwenye mstari wa yaliyomo, gawanya bei kwa idadi hiyo. Usitumie idadi ya kurasa peke yake, kwa sababu kurasa hizo zinaweza kujumuisha majalada mbadala, michoro ya awali ya penseli, utangulizi na mahojiano. Mambo hayo ni mazuri, mimi mwenyewe huyasoma, ila huwezi kuyalinganisha na hadithi.

Chukua mwanzo wa Spider-Man. Masterworks ya kwanza ina Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962 pamoja na Amazing Spider-Man namba 1 hadi 10. Hayo ni matoleo 11. Epic Collection ya kwanza, inayoitwa Great Power, ina hilo hilo la Amazing Fantasy, namba 1 hadi 17, na toleo maalumu la kwanza la mwaka. Jumla 19. Omnibus ya kwanza inafika hadi namba 38, ina matoleo maalumu mawili ya mwaka, na Amazing Fantasy ile ile: 41, ukiacha vipande vichache kutoka mifululizo mingine.

Sasa tuseme siku ya punguzo Epic inauzwa dola 6 na Omnibus dola 15. Kwa mtu asiye na kitu, Epic ni kama senti 32 kwa toleo, na Omnibus ni kama senti 37. Epic imeshinda.

Lakini tuseme tayari unayo Masterworks ya kwanza. Matoleo 11 ndani ya Epic hayana thamani kwako, unayanunua mara ya pili. Unabaki na mapya 8, kwa hiyo dola 6 zimekuwa senti 75 kwa toleo. Kwenye Omnibus mapya ni 30, na dola 15 zinakuwa senti 50. Mshindi amegeuka. Bei hazikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni rafu yako.

Hilo lilinipata mimi, na kwa kitabu cha aina hii hii. Nililipa usiku, nikapakua, nikafungua. Ukurasa wa kwanza Peter Parker amesimama pembeni, wanafunzi wenzake wanamnyooshea kidole. Nikajua hapo hapo kwamba nimeshausoma ukurasa huu, kwenye tableti hii hii, miezi michache nyuma. Nikaruka mbele nikitafuta mahali ambapo vipya vinaanza, na nikapita zaidi ya nusu ya kitabu kabla ya kuviona. Yaliyomo yalikuwa yameandikwa wazi kwenye ukurasa wa duka. Tangu siku hiyo, kila ninachonunua nakiandika kwa namba za matoleo, si kwa jina la kitabu.

Nawe fanya hivyo. Mstari kama "ASM 1963: 1–17, Mwaka 1" unatosha (ASM ni kifupi cha Amazing Spider-Man, na "Mwaka 1" ni toleo maalumu la kwanza la mwaka). Ukitaka kuhakikisha yaliyomo ya kitabu ambacho duka limekieleza kwa ufupi mno, tovuti ya Grand Comics Database ina orodha za ndani za vitabu vingi sana, bila malipo. League of Comic Geeks nayo hukuruhusu kuweka kumbukumbu ya ulivyonavyo.

Kuna maneno mawili madogo ya kuangalia kwenye mstari ule: "material from". Ukiyaona mbele ya namba ya toleo, maana yake toleo hilo halimo lote, wamechukua kipande chake tu. Usilihesabu kama toleo zima.

Na kwenye hadithi kubwa zinazowakutanisha mashujaa wengi, kitabu chenye jina la tukio huwa na mfululizo mkuu peke yake. Civil War ya 2006 na 2007 ni matoleo 7. Yale mengi yaliyozunguka tukio hilo, kwenye vitabu vya Spider-Man, Wolverine na wengine, yako kwenye mikusanyo mingine. Mfululizo mkuu unaeleweka vizuri peke yake, kwa hiyo anza nao. Nunua vya pembeni kwa shujaa unayemfuata tu.

## Kununua, kukodi au kuazima?

Komiki nyingi tunazisoma mara moja. Kwa hizo, kununua hata kwa nusu bei kunaweza kuwa ghali kuliko njia nyingine.

Marvel Unlimited, huduma ya Marvel ya kusoma kwa usajili, ina zaidi ya matoleo 30,000, na matoleo mapya huingia miezi mitatu baada ya kutoka kwenye karatasi. Ada ya mwezi mmoja ya huduma za aina hii iko karibu na bei ya matoleo mawili au matatu mapya. Tangu programu yao ilipofumuliwa upya Septemba 2021, unaweza kupakua na kusoma bila intaneti bila ule ukomo wa zamani wa matoleo machache. DC wana DC Universe Infinite, jina lililoanza Januari 2021. Hiyo haipatikani kila nchi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanga lolote.

Nionavyo mimi, usajili una faida kwa mtu mwenye mpango. Kusanya kwanza vipindi vitatu au vinne kutoka kwenye orodha yako vilivyomo kwenye huduma moja. Hakikisha kwa kutafuta, maana mapengo yapo: toleo la katikati ya hadithi linaweza kukosekana. Kisha lipia mwezi mmoja, usome, na usitishe siku hiyo hiyo uliyolipa. Kwa kawaida utaendelea kusoma hadi mwezi uishe. Ukigundua umelipa mwezi wa tatu mfululizo na bado unasoma kila siku, ndipo ada ya mwaka inapokuwa na maana, kwa sababu kwa mwezi huwa nafuu. Usajili unaojilipa wenyewe huku hufungui programu ni hasara kubwa kuliko kitabu chochote cha bei kamili.

Maktaba ndizo zinazosahauliwa zaidi. Kama maktaba ya umma uliyosajiliwa imeunganishwa na Hoopla, huduma ya kuazima vitabu vya kidijitali, unaazima komiki papo hapo bila foleni, zikiwemo za Marvel na DC, na kikomo cha mwezi hupangwa na maktaba yenyewe. Libby, huduma nyingine ya aina hiyo, hufanya kazi kama rafu halisi: nakala zikiisha, unasubiri zamu. Si kila maktaba ina huduma hizi, lakini swali moja kwa mkutubi halina gharama. Azima kwanza, soma, na kile utakachotaka kukirudia ndicho kiingie kwenye orodha ya kununua. Mimi hununua vichache sana tangu nilipoanza kufuata utaratibu huo, na karibu vyote nimevirudia.

Kindle Unlimited, usajili wa vitabu wa Amazon, pia ina komiki, hasa juzuu za kwanza za mifululizo. Kama tayari unailipia kwa sababu nyingine, angalia humo kabla ya kununua. Usiilipie kwa ajili ya komiki peke yake.

## Zilizo huru kabisa

Digital Comic Museum na Comic Book Plus huhifadhi komiki za zamani ambazo haki zake zimeisha nchini Marekani. Sheria ya huko zamani ilimtaka mwenye haki kuzihuisha baada ya miaka 28, na wachapishaji wengi waliofunga biashara hawakufanya hivyo. Ndiyo maana unaweza kusoma kihalali Blue Beetle wa awali wa mwaka 1939, Black Terror wa 1941, na Daredevil wa 1940 ambaye hana uhusiano na yule wa Marvel aliyekuja 1964. Uchoraji wake ni mkavu, rangi zimefifia kama karatasi iliyokaa juani, na baadhi ya picha zina chuki za zama zile. Lakini kwa mtu anayetaka kujua mashujaa walivyozaliwa, hakuna darasa bora.

Superman mwenyewe bado. Toleo lake la kwanza ni la 1938, na nchini Marekani litakuwa huru mwanzoni mwa 2034.

Tovuti zinazotoa bure komiki za mwezi huu, hizo ni wizi. Wachoraji na wapaka rangi wengi hulipwa kwa ukurasa, na mfululizo usiouza hukatwa. Nimeshuhudia mfululizo niliokuwa naupenda ukifungwa katikati ya hadithi kwa kukosa wanunuzi. Mwongozo huu hauhusiki na njia hizo.

## Punguzo hutokea wapi, na lini

Maduka makuu ni Kindle ya Amazon, Kobo, Google Play Books na Apple Books. Kindle ndiyo yenye komiki nyingi za mashujaa, kwa sababu ilirithi duka la comiXology. Lakini mara nyingi punguzo hupangwa na mchapishaji, kwa hiyo bei iliyoshuka kwenye duka moja huonekana na kwingine wiki hiyo hiyo. Linganisha mawili kabla ya kulipa. Inachukua dakika moja, na hutokea duka la pili likawa na vocha au pointi ulizozisahau.

Punguzo huja kwa mada. Filamu au tamthilia ya shujaa ikikaribia, vitabu vyake vya zamani hushuka bei. Mwandishi akianza mfululizo mpya, kazi zake zilizotangulia nazo hushushwa ili kuvuta wasomaji. Kwa hiyo ukisikia habari ya filamu ya shujaa aliye kwenye orodha yako, usinunue siku ya tangazo. Subiri wiki za kuelekea maonyesho.

Kuna misimu pia: wiki ya Black Friday mwishoni mwa Novemba, siku za mwisho wa mwaka, kipindi cha maonyesho ya komiki ya San Diego mwezi Julai, na Jumamosi ya kwanza ya Mei, ambayo kwa kawaida huwa siku ya komiki za bure, desturi iliyoanza 2002. Siku hiyo ni ya maduka ya karatasi hasa, ila wachapishaji hutumia shamrashamra zake kutoa na kidijitali.

Matoleo ya moja moja yaache. Hata yakishuka bei, ukiyajumlisha mara nyingi huzidi mkusanyo wa matoleo hayo hayo ukiwa kwenye punguzo. Yanafaa kwa jambo moja: kuziba pengo la toleo lililokosekana.

## Mafungu ya Humble Bundle

Humble Bundle, iliyoanza 2010, huuza vitabu kwa mafungu ya ngazi. Unalipa kidogo unapata vichache, ukipandisha kiwango unapata vyote, na sehemu ya pesa huenda kwa shirika la hisani. Fungu hukaa wiki mbili tatu hivi, kisha linaondoka. Wachapishaji kama Image, Valiant, Dynamite na BOOM! wamewahi kuuza humo, na kwa bei ya toleo moja moja ni vigumu kupata mahali pa kuwashinda.

Kabla ya kulipa, soma mambo mawili. Kwanza, unapata faili la kupakua, au unapewa msimbo wa kwenda kufungulia kwenye duka lingine? Msimbo una tarehe ya mwisho na unaweza kukataliwa katika nchi fulani. Faili la PDF au CBZ (aina ya faili la komiki) ni lako mara moja. Pili, fungu lina ngazi ngapi, na vile unavyovitaka viko ngazi ipi? Fungu la vitabu 25 ambalo ndani yake una hamu na vitatu, lihesabu kama vitabu vitatu. Gawanya bei kwa matoleo ya vitabu hivyo vitatu, na vilivyobaki viwe nyongeza.

DriveThruComics nayo huuza PDF za wachapishaji wa kati na wadogo. Wakiwa na punguzo, fuata hesabu ile ile.

## Weka mtego, uache kuvizia

Kufungua duka kila siku kunachosha, na kunakufanya ununue ili kuhalalisha muda uliotumia. Tumia kifuatilia bei. Kwa Kindle, eReaderIQ hukuruhusu kuweka kitabu na bei unayoitaka, kisha hukutumia barua pepe bei ikishuka. Huonyesha pia historia ya bei ya kitabu. Hiyo historia ina thamani kubwa. Ukiona kitabu kimeshawahi kuuzwa dola 4 mara tatu, dola 9 ya leo yenye maandishi mekundu ya "punguzo" haikusumbui tena.

Bei ya mtego usiibahatishe. Chukua idadi ya matoleo ambayo huna, izidishe kwa kiwango chako cha juu kwa toleo. Mimi sivuki senti 50. Mwingine atasema 30, mwingine dola nzima, na kila mmoja yuko sahihi kwa mfuko wake. Muhimu ni kwamba kiwango kimewekwa siku ambayo hakuna kinachokuvuta.

## Faili ni lako, au umeruhusiwa kusoma tu?

Kwenye maduka mengi, kitufe cha kununua hukupa leseni ya kusoma. Hakikupi kitabu. Tangu 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California inayataka maduka ya kidijitali yaseme hivyo waziwazi kwa mnunuzi.

Historia ya comiXology inaeleza maana yake kuliko maelezo yoyote. Ilianzishwa 2007 na ikawa duka pendwa la wasomaji wa komiki. Amazon waliinunua 2014. Mwaka huo huo ilianza kuruhusu nakala za kupakua, zisizo na kufuli (kinga ya kuzuia kunakili), kwa baadhi ya wachapishaji. Mwanzoni mwa 2022 duka lake likaunganishwa na la Amazon, na Desemba 2023 programu yake ikafungwa, maktaba za watu zikahamia Kindle. Vitabu havikupotea. Ila mpangilio, urahisi, na namna watu walivyozoea kusoma, vyote vilibadilishwa bila wao kuulizwa. Februari 2025 Amazon waliondoa pia njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Simaanishi usinunue kwenye duka la namna hiyo; mimi hununua. Namaanisha hilo liingie kwenye bei. Kwa faili lisilo na kufuli niko tayari kulipa zaidi kidogo. Kwa leseni, ni bei ya chini tu, na kwa vitabu ninavyokusudia kuvisoma mwaka huu.

Ukipata mafaili yako, yatunze. CBZ ni mkoba wa zip wenye picha ndani, kwa hiyo hata programu zote za komiki zikifa, picha zako zitafunguka. YACReader na CDisplayEx husoma mafaili hayo kwenye kompyuta, Panels kwenye iPad, Perfect Viewer kwenye Android. Weka nakala mahali pawili, kimoja kiwe nje ya kifaa unachosomea. Yape majina yanayofanana na orodha yako: mfululizo, mwaka, namba.

## Jaribu kwenye skrini yako

Ukurasa wa komiki ulichorwa kwa karatasi yenye upana wa sentimita 17 hivi. Ukiuweka mzima kwenye simu, maandishi yanakuwa madogo kama ya karatasi ya dawa. Kindle ina namna ya kusoma picha moja baada ya nyingine, nayo husaidia, lakini haifanyi kazi kwenye kila kitabu. Kurasa mbili zilizochorwa kama picha moja kubwa hupoteza mengi zikikatwa vipande.

Pakua sampuli ya bure. Tafuta ukurasa wenye maneno mengi, usome kiputo kirefu kuliko vyote bila kukuza. Ukikodoa macho, kitabu hicho si rahisi kwako kwa bei yoyote hadi upate skrini kubwa zaidi. Angalia pia uzito wa faili: mkusanyo mnene unaweza kupita gigabaiti moja, na data ya kuupakua ni sehemu ya bei.

## Siku ya kulipa

Akaunti iwe ya nchi unayoishi kweli. Kubadili nchi kwa ujanja ili kupata bei ya kwingine kunaweza kukufungia maktaba nzima. Tazama bei ya mwisho kwenye ukurasa wa malipo, baada ya kodi na ubadilishaji wa fedha, kwa sababu kitabu cha dola 2 chenye makato ya kadi kinaweza kufika 3. Vitabu vidogo vidogo vilipie kwa mkupuo mmoja kama benki yako inakata kwa kila muamala, au tumia salio la kadi ya zawadi.

Ukishalipa, pakua papo hapo na ufungue ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Hakikisha toleo la mwisho lililotajwa kwenye yaliyomo lipo kweli na halijakatika. Baadhi ya maduka hurudisha pesa ndani ya siku chache tu, na hukataa ukishasoma sehemu kubwa. Kisha rudi kwenye daftari, ongeza namba za matoleo mapya kwenye ulivyonavyo, na ushushe au uondoe mitego ya vitabu vinavyogongana na hivyo ulivyonunua leo.